Maumivu ya Viungo Yasimfungie Mzee Nyumbani

Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, na kila akaaye humo hana budi kutembea akipanda au akishuka. Kutoka bondeni Nyabugogo kwenda katikati ya mji ni kupanda. Kutoka Rebero kuteremkia Gikondo ni kushuka. Kijana haoni taabu yoyote katika jambo hilo. Lakini mtu wa miaka 60 au 70, mwenye goti linalouma au kiuno kilichokaza, huutazama mteremko uo huo kwa mashaka. Mara ya kwanza huacha kwenda sokoni. Baadaye huacha kwenda kanisani au msikitini. Mwishowe hubaki uani, akiletewa habari za mtaa na wajukuu, na jamaa husema kwa upole: "Ni uzee tu."

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, ijapokuwa husemwa kwa mapenzi, huwadhuru wazee wetu. Uzee huja na maumivu mara nyingi, hilo halikanushiki. Lakini kuumwa ni jambo moja, na kuacha kutembea ni jambo jingine. La kwanza pengine halitaondoka kabisa. La pili laweza kuzuilika katika nyumba nyingi, tena kwa gharama ndogo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Mnyarwanda azaliwaye sasa hutarajiwa kuishi karibu miaka 70. Basi ni wajibu wetu kuuliza miaka hiyo iliyoongezeka itaishiwa vipi, kwa miguu au kitandani.

MAUMIVU SUGU NI KITU GANI

Waganga huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu au kurudi kwa muda uzidio miezi 3. Hapa Rwanda watu wengi huyajumlisha maumivu yote ya viungo kwa jina moja la rubagimpande, kumbe ndani ya jina hilo mna maradhi mbalimbali. Yapo maumivu yatokanayo na kuchakaa kwa gegedu, yaani ule utando laini uliopo kati ya mfupa na mfupa. Hayo hushika zaidi magoti, nyonga na vidole. Yapo maumivu ya kiuno, ambayo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa yaliwapata watu milioni 619 ulimwenguni katika mwaka 2020. Ipo baridi yabisi yenyewe, ambayo huvimbisha viungo vidogo vya mikono yote miwili na kumfanya mgonjwa aamke akiwa amekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Upo ugonjwa wa jongo, ambao mara nyingi huanza ghafla katika kidole gumba cha mguu. Na yapo maumivu ya mishipa ya fahamu, yanayowaka kama moto nyayoni, hasa kwa wenye kisukari.

Inafaa ifahamike pia kwamba maumivu yaliyodumu sana hubadili tabia ya mishipa ya fahamu yenyewe. Mtu aweza kuifananisha na mbwa wa kulinda nyumba. Mbwa mwema hubweka akija mwizi, kisha hunyamaza. Lakini mbwa aliyesumbuliwa kwa muda mrefu hubweka hata apitapo mtoto wa nyumba. Vivyo hivyo, mwili uliozoea kuumwa hupiga kelele hata pale ambapo hakuna kitu kinachoharibika. Kwa hiyo mzee asemaye anaumwa hasemi uongo, hata kama picha ya eksirei haionyeshi jambo kubwa. Na kuumwa kidogo wakati wa kutembea si lazima kuwe ishara kwamba goti linazidi kuvunjika.

KWA NINI KUPUMZIKA SANA KUNADHURU

Watu wengi huamini kwamba goti huchakaa kama soli ya kiatu, na kwamba kadiri litumiwavyo ndivyo linavyokwisha. Imani hiyo haina msingi wa kutosha. Gegedu haina mishipa yake ya damu; hupata chakula chake kutokana na ute uliomo kiungoni, na ute huo husukumwa humo kiungo kinapokunjwa na kunyoshwa. Isitoshe, goti hushikiliwa na misuli ya paja. Mzee akikaa kwa wiki kadhaa bila ya kutembea, misuli hiyo hunyauka, goti hukosa mhimili, maumivu huongezeka, naye hukaa zaidi. Huo ndio mviringo mbaya unaowafikisha wengi kitandani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wazima, pamoja na wenye miaka 65 na zaidi, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa juma. Kwa wazee liliongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, angalau siku 3 kwa juma, ili kuzuia kuanguka. Dakika 150 zisimtishe mtu. Ni nusu saa kwa siku 5, na nusu saa hiyo yaweza kugawanywa mara tatu. Asiyeweza kabisa aanze na dakika 5 asubuhi na 5 jioni, kisha aongeze kidogo kidogo kila juma. Haba na haba hujaza kibaba.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Mazoezi yafuatayo hayahitaji chombo chochote ila kiti imara, meza na ukuta. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone mganga kwanza.

La kwanza ni kuketi na kuinuka. Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Keti, weka miguu sawasawa na mabega, inama mbele kidogo, kisha inuka bila ya haraka na uketi tena taratibu. Fanya mara 5. Ukizoea, fikisha 10. Mzee asiyeweza kuinuka bila mikono aishike meza, au aongezewe mto juu ya kiti ili asiinuke kutoka chini mno.

La pili ni kunyosha goti. Ukiwa umeketi, nyosha mguu mmoja mbele hadi paja likaze, hesabu hadi 5, kisha ushushe. Fanya mara 10 kwa kila mguu. Hili lafaa sana kwa mwenye goti bovu, kwa kuwa linaimarisha misuli ya paja pasipo kulibebesha goti uzito wa mwili.

La tatu ni kuinua visigino. Simama ukiwa umeshika meza, jiinue kwa vidole vya miguu, kisha shuka polepole. La nne ni kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mtu mwingine akiwapo, kwa muda wa sekunde 10. Zoezi hili huufundisha mwili kutoyumba, na kwa mzee linaweza kuokoa mfupa wa nyonga.

La tano ni la kiuno. Lala chali kitandani, kunja magoti, kisha yalaze pamoja upande wa kulia na wa kushoto kwa utaratibu. Halafu inua nyonga kidogo kutoka kitandani, hesabu hadi 3, ushushe.

Kipimo cha mazoezi ni hiki: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Lakini yakizidi kuliko kawaida na yakabaki hivyo hata kesho yake, punguza idadi, usiache kabisa. Siku ambayo mwili u mwepesi, usifanye kazi ya siku tatu kwa furaha, kwani siku ya pili utaulipa mkopo huo kwa riba.

KUPANDA NA KUSHUKA VILIMA

Kwa desturi goti bovu huumia zaidi mteremkoni kuliko mlimani, maana mtu ashukapo goti hufanya kazi ya breki. Kwa hiyo mzee asione haya kushuka kwa hatua fupi, au kupanda basi wakati wa kushuka na kutembea wakati wa kupanda. Penye ngazi, kanuni ni rahisi kukumbuka: mguu mzima utangulie kupanda, na mguu mbovu utangulie kushuka.

Bakora nayo ina kanuni zake. Wengi huishika upande wa goti linalouma, na hilo ni kosa. Hushikwa kwa mkono wa upande wa pili, nayo husogezwa mbele pamoja na mguu mbovu. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama wima na mikono imening'inia. Nchani pafungwe kipande cha mpira, kwa sababu barabara za mawe na udongo mwekundu huteleza sana wakati wa masika. Viatu viwe vya kufunga kisiginoni. Kandambili zimewaangusha wazee wengi.

Uzito wa mwili pia ni mzigo wa kupandisha mlimani. Uchunguzi uliofanywa nchini Marekani kwa wazee wenye magoti mabovu, na kutangazwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kila kilo 1 ya mwili ikipungua, mzigo juu ya goti hupungua kwa kilo 4 hivi katika kila hatua. Mtu mnene akipunguza kilo 5 tu, goti lake litashukuru.

KAZI ZA NYUMBANI NA ZA SHAMBA

Akina mama wa nchi hii hawastaafu. Bibi wa miaka 70 bado hulima bustani, hupika, hufua na hulea wajukuu. Hatuwashauri waache, kwa kuwa kazi ni heshima na pia ni zoezi. Tunashauri tu namna ya kufanya ibadilike.

Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Afadhali kuchota mara nne kwa dumu la lita 5 kuliko mara moja kwa kilo 20 kichwani. Jiko la makaa laweza kuinuliwa juu ya matofali yaliyopangwa imara, na mpishi akaketi juu ya kigoda badala ya kuinama. Ufagio ufungwe mpini mrefu. Jembe nalo lipate mpini unaomfaa mlimaji, ili asiinamishe mgongo asubuhi nzima. Maharage ya kuchambua yawekwe mezani. Na kila baada ya nusu saa mkao ubadilishwe: aliyeketi ainuke, aliyeinama ajinyoshe.

Kuhusu umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wajibu wa kushiriki ni kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Aliyepita umri huo halazimiki kushika jembe. Lakini baada ya kazi wakazi huketi na kuzungumzia mambo ya mtaa wao, na hapo neno la mzee lina thamani. Jamaa wamsaidie afike, wamtayarishie kiti. Penye wazee haliharibiki neno, lakini ni sharti wazee wenyewe wawepo.

DAWA: FAIDA NA HATARI YAKE

Dawa za maumivu zina nafasi yake, hasa zikimwezesha mtu kufanya mazoezi. Parasetamoli hutuliza maumivu madogo, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Mzee mwembamba, au mwenye ugonjwa wa ini, apewe pungufu kwa shauri la mganga. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi, lakini zikimezwa kwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mzee anayemeza dawa za shinikizo la damu asizinunue mwenyewe dukani. Diklofenaki ya kupaka juu ya goti ina madhara machache zaidi, nayo huwasaidia wengi.

Tahadhari kubwa iwe juu ya unga na vidonge visivyo na jina viuzwavyo kwa sifa ya kuponya viungo kwa siku moja. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zimepimwa na kukutwa zimechanganywa kwa siri na prednisoloni au deksamethasoni. Ndiyo sababu mgonjwa huona nafuu ya ajabu. Baadaye uso huvimba, sukari hupanda, mifupa hudhoofika, na akiziacha ghafla huweza kuzimia au hata kufa.

Juu ya mofini, ipo haja ya kutofautisha. Rwanda ilijiwekea sera ya taifa ya kuwatuliza wagonjwa mahututi mwaka 2011, na mofini ya maji hutumika kwa wenye saratani na wengine wenye mateso makali. Hiyo ni rehema, wala jamaa wasiiogope mganga aiandikapo. Lakini kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 ulishauri dawa za jamii hiyo zisitumike, ukatanguliza elimu, mazoezi na msaada wa moyo.

Kitambaa chenye joto kikiwekwa penye misuli iliyokaza kwa dakika 15 huleta nafuu. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asijaribu, maana ataungua bila ya kuhisi.

DALILI ZISIZOFAA KUNGOJEWA

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee apelekwe kwa mganga mara moja akionekana na lolote kati ya haya: kiungo kimoja kilichovimba ghafla na kuwa cha moto pamoja na homa, maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, pamoja na kukonda au kutokwa jasho, kwani kifua kikuu nacho hushika uti wa mgongo, ganzi ya mapajani na sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo, miguu inayolegea, maumivu baada ya kuanguka, au maumivu mapya ya mifupa kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

MAJERAHA YA MWAKA 1994

Katika nchi hii hatuwezi kuzungumza juu ya maumivu ya wazee bila ya kutaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wapo waliobaki na makovu ya mapanga na marungu, mifupa iliyounga vibaya, na migongo iliyoumizwa. Waliokuwa na miaka 40 wakati ule sasa wamepita 70, na jeraha la zamani hukutana na uzee katika mwili mmoja. Wajane walionusurika waliunda chama chao cha AVEGA Agahozo mwanzoni mwa mwaka 1995. Wazee waliopotelewa na watoto wao wote, ambao huitwa Intwaza, wengine wamejengewa makao ya Impinganzima katika wilaya kama Huye, Bugesera na Rusizi.

Kwa watu hao mwili na kumbukumbu havitengani. Usingizi ukikosekana na huzuni ikizidi, maumivu nayo hukaza, na huenda yakapanda kuanzia tarehe 7 Aprili, maombolezo yaanzapo. Jamaa na wauguzi wasimwambie mzee kwamba anajitia maradhi. Amuuguzaye amwombe ruhusa kabla ya kumgusa, amweleze kila atakalofanya, na asimlazimishe kulala kwa namna inayomtia hofu. Mazungumzo na mshauri wa mambo ya moyo ni sehemu ya tiba ya mgongo sawa na zoezi.

PA KUPATA MSAADA

Katika kila umudugudu wapo wahudumu wa afya waliochaguliwa na wakazi wenyewe. Hao ndio wa kuulizwa kwanza. Mwenye bima ya afya ya jamii, iitwayo mutuelle, ambayo tangu mwaka 2015 imekuwa chini ya Shirika la Hifadhi ya Jamii la Rwanda, aanzie kituo cha afya, kisha apewe barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Akiruka ngazi hizo, gharama huweza kumwangukia mwenyewe. Afikapo hospitali asiridhike na vidonge pekee. Aulize kama yupo mtaalamu wa tiba ya viungo.

Wataalamu hao wapo nchini. Kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont kwa ajili ya wenye ulemavu, ndicho mkongwe wa kazi hiyo. Chuo cha Afya cha Kigali, kilichofunguliwa mwaka 1996 na kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, kimewafundisha wengi. Ziara mbili au tatu za kujifunza mazoezi sahihi zina faida kuliko mwaka mzima wa kukandwa.

Aidha, tangu mwaka 2016 Kigali imekuwa na siku zake za barabara bila magari, asubuhi za Jumapili. Barabara hufungwa, watu hutembea na kufanya mazoezi pamoja, na hupimwa shinikizo la damu na sukari. Mzee asidhani kwamba siku hiyo ni ya wakimbiaji peke yao. Barabara pana, tambarare kiasi, isiyo na pikipiki, ni nafasi adimu kwa mtu wa bakora.

WAJIBU WA WATOTO NA WAJUKUU

Wanyarwanda husema "amagara ntaguranwa amagana", yaani afya haibadilishwi hata kwa mamia ya ng'ombe. Kwa hiyo kijana ampendaye mzazi wake asimfanyie kila kitu. Akimletea maji hata ya kunywa, akimshika mkono hata pasipo na haja, humnyang'anya nguvu zilizobaki. Afadhali amtengenezee ngazi ya mlangoni, amfungie mti wa kushika chooni, aweke taa njiani usiku, kisha atembee naye hadi kwa jirani kwa mwendo wa mzee, bila ya kumhimiza.

Na wewe mzee wetu, usisubiri siku ambayo hakuna kinachouma. Siku hiyo huenda isije. Kesho asubuhi egemeza kiti ukutani, keti na kuinuka mara 5, kisha toka ukamjulie hali jirani. Keshokutwa ufanye vivyo hivyo.